Dk. Busia: Aliyeonja uhamisho, kisha akawapa wageni siku 14

Tarehe 18 Novemba 1969 serikali ya Ghana ilitoa amri ambayo wafanyabiashara wa Afrika Magharibi hawajaisahau. Kila mgeni aliyekuwa nchini bila kibali cha ukaazi alitakiwa akipate ndani ya siku 14 au afunge virago. Katika masoko ya Kumasi, Tamale na Accra, Wayoruba kutoka Nigeria waliokuwa wakiuza vitambaa na bidhaa ndogondogo kwa miaka mingi walianza kuuza kwa bei ya kutupa. Waliokuwa wametoa mali kauli walizunguka kudai pesa zao. Wengi waliondoka bila kulipwa.

Mkuu wa serikali hiyo alikuwa Dk. Kofi Abrefa Busia, waziri mkuu mwenye umri wa miaka 56, ambaye hakuwa na hata miezi mitatu tangu ashinde uchaguzi. Hakuwa askari wala mtu wa fujo. Alikuwa profesa, muumini wa kanisa la Methodisti na mtetezi wa haki aliyejulikana Ulaya na Afrika. Zaidi ya hayo, alikuwa amerudi nyumbani miaka mitatu tu nyuma, baada ya kuishi ugenini kwa sababu za kisiasa. Namna mtu wa aina hiyo alivyofikia kutia mkono kwenye amri ya aina hiyo ni habari inayomhusu kila anayevuka mpaka kutafuta riziki.

Mtoto wa Wenchi

Busia alizaliwa tarehe 11 Julai 1913 katika mji wa Wenchi, katikati ya nchi iliyoitwa Gold Coast chini ya Waingereza. Alitoka katika ukoo wa watawala wa mji huo. Alisoma shule za Wamethodisti, akaendelea Mfantsipim huko Cape Coast na chuo cha ualimu cha Wesley mjini Kumasi, kisha akafundisha Achimota. Alipata shahada ya Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1939 akaenda Oxford, Uingereza.

Aliporudi mwaka 1942 akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kabisa kupewa cheo cha mkuu wa wilaya katika koloni hilo. Hakukaa sana. Alirudi Oxford akatunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1947 kwa utafiti wake kuhusu nafasi ya chifu katika siasa mpya za Asante. Pia alifanya uchunguzi wa maisha ya watu wa Sekondi na Takoradi, miji ya bandari na reli iliyojaa wahamiaji. Kwa hiyo alijua, kwa kalamu yake mwenyewe, jinsi watu wa makabila na nchi mbalimbali walivyochanganyika mijini kutafuta kazi. Mwaka 1954 akawa Mwafrika wa kwanza kushika kiti cha profesa katika chuo kikuu cha nchi yake.

Nchi aliyoichunguza ilikuwa imejengwa kwa jasho la wenyeji na wageni. Mashamba ya kakao yalitegemea vibarua kutoka Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso, na kutoka Togo na Niger. Migodi ilichukua watu kutoka pande zote. Biashara ya rejareja vijijini na sokoni ilishikwa kwa sehemu kubwa na Wayoruba na Wahausa. Wakati wa ukoloni, mtu wa Nigeria aliyehamia Gold Coast alibaki chini ya bendera ileile na alitumia pauni ileile ya Afrika Magharibi, kama shilingi ya Afrika Mashariki ilivyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Karatasi za mpakani hazikuwa jambo la kumsumbua kichwa. Sensa ya mwaka 1960 ilihesabu zaidi ya watu 800,000 wenye asili ya nje katika nchi ya watu milioni 6.7, yaani kama 12 kwa kila 100.

Kiongozi wa upinzani

Busia aliingia siasa mwaka 1951, akichaguliwa na baraza la machifu wa Asante kuingia bungeni. Tangu mwanzo alikuwa upande wa pili wa Kwame Nkrumah. Mwaka 1954 serikali ya Nkrumah ilipofunga bei ya kakao kuwa shilingi 72 kwa mzigo wa ratili 60, wakulima wa Asante walikasirika, na chama kipya cha National Liberation Movement kikazaliwa Kumasi. Busia akawa sauti yake bungeni. Walishindwa uchaguzi wa 1956, na mwaka uliofuata Ghana ikapata uhuru Nkrumah akiwa waziri mkuu.

Uhuru haukuwa na miezi sita ulipotokea mkasa ambao ungepaswa kubaki kichwani mwa Busia maisha yake yote. Kumasi kulikuwa na mtaa wa wageni Waislamu, unaoitwa zongo kama mitaa ya namna hiyo inavyoitwa nchini kote. Viongozi wake wawili, Amadu Baba na Alhaji Othman Larden, walikuwa wakiunga mkono upinzani. Serikali ikasema wao si raia bali ni Wanigeria, ikaamuru wafukuzwe. Walikwenda mahakamani kudai kwamba ni raia wa Ghana. Kabla kesi haijaisha, serikali ilipitisha bungeni sheria maalumu yenye majina yao, wakapandishwa ndege kwenda Kano. Upinzani uliokuwa chini ya Busia ulilipinga jambo hilo kwa nguvu. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba swali la nani mgeni na nani mwenyeji lilikuwa limegeuzwa kuwa silaha ya chama dhidi ya chama.

Mwaka huohuo sheria ilipiga marufuku vyama vya kikabila na vya kidini, na vyama vya upinzani vikaungana kuwa United Party, Busia akiwa kiongozi. Mwaka 1958 ikaja sheria ya kumweka mtu kizuizini hadi miaka mitano bila kesi. Wenzake walianza kukamatwa. Mwaka 1959 Busia akaondoka nchini, na kiti chake bungeni kikachukuliwa.

Aliishi Uholanzi, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Leiden, kisha akarudi Oxford. Hakukosa kazi wala heshima, lakini alikuwa mgeni. Aliishi kwa ruhusa ya serikali za watu wengine, na ruhusa hiyo haikumfikia na masharti ya siku 14.

Kura za 1969

Jeshi na polisi walimpindua Nkrumah tarehe 24 Februari 1966. Busia alirudi mwezi uliofuata, akawa mshauri wa watawala wapya na baadaye msimamizi wa kituo cha elimu ya uraia. Wanajeshi walipoamua kurudisha utawala kwa raia, alianzisha Progress Party. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Komla Gbedemah wa National Alliance of Liberals, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Nkrumah.

Ramani ya kura ilijulikana mapema. Busia alikuwa na ngome Asante na Brong Ahafo, nchi ya kakao. Gbedemah alikuwa na ngome kwa watu wake wa Volta. Waliobaki kugombaniwa walikuwa wapiga kura wasio na chama cha kudumu: vijana waliomaliza shule na kukosa kazi, wafanyakazi wa mijini waliopunguzwa kazini chini ya utawala wa jeshi, na wauzaji wadogo wa Kighana waliotamani meza na vibanda vya Wayoruba. Kundi hili la mwisho lilikuwa na kelele za muda mrefu. Tayari mwaka 1968 wanajeshi walikuwa wametoa amri ya kutenga biashara ndogondogo kwa Waghana.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Agosti 1969. Progress Party ilipata viti 105 kati ya 140, na chama cha Gbedemah kikapata 29. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini hazina ilikuwa tupu. Nchi ilidaiwa mamilioni na wakopeshaji wa nje tangu enzi za Nkrumah. Ajira zilizotarajiwa na vijana zisingeweza kupatikana kwa mwaka mmoja wala miwili. Ilibidi kipatikane kitu cha kuwaonyesha watu kwamba serikali yao inafanya kazi, na kiwe kitu kisichohitaji fedha.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Mwenyeji asiye na kazi ana kura, na mwenye kibanda kidogo ana kura. Mgeni wa Ogbomosho au wa Ouagadougou hana. Kumwondoa hakupotezi kiti hata kimoja bungeni, na nafasi anayoiacha inaweza kugawiwa wenye kura. Sheria ya wageni ilikuwepo tangu mwaka 1963 na haikuwa ikifuatiliwa kwa ukali. Serikali haikuhitaji hata kutunga sheria mpya. Ilihitaji kutangaza tarehe tu.

Siku 14

Amri ilisomeka kana kwamba inatoa nafasi mbili, kupata kibali au kuondoka. Kwa hali halisi nafasi ya kwanza ilikuwa nyembamba sana. Watu walioingia Ghana zamani, wakati nchi hizo zilipokuwa chini ya utawala mmoja, hawakuwa na pasipoti. Watoto wao waliozaliwa Kumasi au Tamale, waliozungumza Kitwi kuliko Kiyoruba, walijikuta nao ni wageni kwa sababu wazazi wao hawakuwa raia. Mamia ya maelfu ya watu hawawezi kuhudumiwa na ofisi chache za uhamiaji kwa wiki mbili.

Wananchi wengi walishangilia. Serikali ilieleza kwamba wageni wanachukua kazi, wanatorosha fedha nje, wanafanya magendo na wanaongeza uhalifu. Yalikuwa maelezo ambayo mtu mwenye shida huyapokea haraka, kwa sababu yanampa jirani wa kumlaumu.

Safari ya kurudi Nigeria ilipita mpaka wa Aflao kuingia Togo, ikakata Dahomey, ambayo leo ni Benin, ndipo ikafika Nigeria. Ni mipaka mitatu kwa familia yenye watoto, magodoro na mali iliyobaki. Nigeria yenyewe ilikuwa bado katika vita vya Biafra, ambavyo viliisha Januari 1970. Makadirio ya waliofukuzwa yanatofautiana sana, lakini hata yale ya chini yanazidi watu 100,000.

Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuendeleza biashara za Waghana. Ilitenga kwa wenyeji biashara ya rejareja na sehemu ya biashara ya jumla, pamoja na shughuli kama teksi na uokaji mikate. Safari hii waliolengwa hawakuwa Waafrika tu, bali pia Walebanoni na Wahindi wenye maduka ya wastani.

Bili inarudi nyumbani

Kuna Waghana waliofaidika, na haki yao lazima isemwe. Katika soko la Kumasi, wanawake wa Kiasante walichukua vizimba vilivyoachwa na Wayoruba, na wengine wakajenga biashara nzuri. Lakini kizimba si biashara. Myoruba aliyefukuzwa aliondoka na mambo yasiyoonekana: kujua nani wa Lagos anaaminika, kuwafikia wanavijiji wa mbali kwa baiskeli, na kukubali kuuza kidogokidogo kwa mkopo hadi mavuno yaje. Vijijini kulitokea uhaba wa bidhaa, na mkulima aliyezoea kukopa hakuwa na wa kumkopesha.

Pigo kubwa zaidi likaangukia kakao. Vibarua wa Volta ya Juu na Niger nao waliogopa wakaondoka, na mashamba yakakosa watu wa kupalilia na kuvuna. Mashamba hayo yalikuwa Asante na Brong Ahafo, yaani kwa wapiga kura wa Busia mwenyewe. Serikali ililazimika kulegeza amri kwa wafanyakazi wa mashambani. Kibarua aliyeitwa mzigo mwezi Novemba akawa anahitajika tena.

Shangwe nazo hazikudumu. Mwanzoni mwa 1970 serikali iliwaachisha kazi watumishi wa umma 568, ikagombana na mahakama. Mwaka 1971 bei ya kakao duniani ilianguka, na serikali ikavunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwisho wa Desemba 1971 ilishusha thamani ya cedi kwa zaidi ya 40 kwa 100. Bei zilipanda sokoni kwa siku chache, na safari hii hapakuwa na Myoruba wa kulaumiwa. Tarehe 13 Januari 1972, Busia akiwa London kwa matibabu, Kanali Ignatius Acheampong alitwaa madaraka. Serikali iliyotafuta kupendwa kwa kuwafukuza wageni ilikuwa imekaa madarakani kama miezi 27.

Lawama ya bei haikukoma hapo. Wageni walipokuwa wameondoka, kidole kilihamia kwa wafanyabiashara wenyeji. Mwaka 1979 wanajeshi walibomoa soko la Makola Namba 1 mjini Accra, wakiwatuhumu wanawake wa Kighana waliouza humo kwamba wao ndio chanzo cha ughali wa maisha.

Mkuki kwa nguruwe

Busia hakurudi tena Ghana akiwa hai. Aliishi Uingereza kama mkimbizi kwa mara ya pili, akafariki Oxford tarehe 28 Agosti 1978 akiwa na miaka 65. Mwili wake ulirudishwa ukazikwa Wenchi alikozaliwa. Ghana inamkumbuka kwa barabara za vijijini, maji na umeme alivyopeleka mashambani, na kwa msimamo wake dhidi ya utawala wa mtu mmoja. Sifa hizo ni za haki. Nigeria inamkumbuka kwa siku 14.

Hakuishi kuona sehemu ya pili ya habari hii. Katika miaka ya 1970 mafuta yaliitajirisha Nigeria na uchumi wa Ghana ukaporomoka. Walimu, waashi, mafundi cherehani na wachuuzi wa Kighana walimiminika Lagos. Jumuiya ya ECOWAS ilianzishwa mwaka 1975, na mwaka 1979 nchi wanachama zikatia saini itifaki ya watu kuvuka mipaka na kukaa siku 90 bila viza. Kisha bei ya mafuta ikashuka, na Nigeria ikaingia mwaka wa uchaguzi. Januari 1983, miezi saba kabla ya kupiga kura, serikali ya Shehu Shagari iliwaamuru wageni wasio na karatasi waondoke. Inakadiriwa kwamba watu kama milioni mbili walihusika, zaidi ya nusu yao Waghana. Muda waliopewa wengi wao ulikuwa wiki mbili.

Njia ilikuwa ileile, ila sasa ilielekea magharibi. Mpaka wa Ghana ulikuwa umefungwa, na watu wakakwama Benin na Togo na mizigo yao hadi ulipofunguliwa mwishoni mwa Januari. Walibeba mali katika mifuko mikubwa ya nailoni yenye mirabamiraba, ile ambayo wachuuzi wa Tanzania huiita shangazi kaja. Huko Nigeria mifuko hiyo bado inaitwa kwa maneno ya kuwataka Waghana waondoke. Waliosema wakati ule kwamba Nigeria inalipa kisasi cha 1969 walikuwa wengi. Shagari alishinda uchaguzi wa Agosti, na usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1984 jeshi likamwondoa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na Waghana waliouonja uchungu huo hawakuwa wale walioandika amri ya 1969.

Afrika Mashariki nayo ina kurasa zake za namna hii. Mwaka 1970, mwaka mmoja tu baada ya amri ya Busia, serikali ya Milton Obote iliwatimua wafanyakazi wa Kenya waliokuwa Uganda, wengi wao wakiwa Wajaluo. Leo ipo itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010, kama ECOWAS ilivyokuwa na itifaki yake mwaka 1983. Itifaki ni kinga nzuri, lakini mwaka wa uchaguzi huijaribu. Hata Ghana ya sasa ina sheria ya mwaka 2013 inayowazuia wageni kuuza sokoni, na wenye maduka wa Nigeria wamewahi kufungiwa milango kwa sababu hiyo.

Kilichobadilika ni kwamba karatasi zinapatikana kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Wayoruba wa Kumasi walikuwa na miaka 30 ya kuaminiana na majirani, na hawakuwa na kipande cha karatasi. Siku amri ilipotoka, kilichoulizwa ni karatasi.